Pale Dawa ya Kuponya Inapokosekana: Historia ya Wauguzi Waliokataa Kuondoka



Kuna maneno ambayo familia nyingi zimeyasikia langoni mwa hospitali: "Mrudisheni nyumbani, hakuna tena la kufanya." Husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi muuguzi ndiye anayeachiwa kazi ya kuyasema. Mgonjwa wa saratani huondoka na maumivu yake juu ya pikipiki au ndani ya teksi, na jamaa zake hubaki wakijiuliza kama Mungu naye amekwisha kusema hivyo hivyo.

Tunapenda kuyapima maneno hayo kwa mwanga wa historia. Je, ni kweli kwamba pale uponyaji unapokosekana, kazi ya muuguzi imekwisha? Historia inajibu kwamba si kweli. Waliotangulia kuutambua uongo huo walikuwa wajane, masista na wauguzi, watu ambao kazi yao ilikuwa kukaa kando ya kitanda. Walijifunza mambo mawili, tena polepole: upendo usiokimbia, na maarifa ya kutuliza maumivu. Jambo la kwanza limekuwamo katika Kanisa tangu zamani. La pili limechelewa, na hapa kwetu bado linachelewa.

Jina na maana yake

Kazi tunayoizungumzia ni huduma ya kutuliza. Hospitali zetu huijua kwa jina la Kifaransa, soins palliatifs, na ndugu zetu wa Tanzania huiita tiba shufaa. Ni huduma kwa mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia uhai wake: kumwondolea maumivu, kumsaidia apumue na alale, kusikiliza hofu zake, kuitegemeza familia yake, na kumsindikiza mpaka mwisho bila kuuharakisha wala kuuahirisha kwa nguvu.

Jina hilo lilianza kutumika hospitalini katika miaka ya 1970, huko Montreal, Kanada. Daktari Balfour Mount alitaka jina litakalopokelewa na wasemaji wa Kifaransa, kwa kuwa kwao neno "hospice" lilikumbusha nyumba za kuwatunzia maskini waliotupwa. Akachagua neno lenye asili ya Kilatini, pallium, yaani joho. Mkristo anayelisikia neno hilo humkumbuka Mtakatifu Martino, askari aliyelikata joho lake langoni mwa mji wa Amiens na kumpa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Martino hakuuondoa msimu wa baridi. Alimfunika mtu, na mtu yule hakubaki kama alivyokuwa.

Waliokaa kando ya kitanda

Karne nyingi kabla ya jina hilo, kazi yenyewe ilikuwapo. Katika Roma ya karne ya 16, Mtakatifu Kamili wa Lellis, askari wa zamani aliyewahi kupoteza mali yake yote kwa kamari, na ambaye mwenyewe aliteswa na kidonda cha mguu kisichopona, aliona jinsi wagonjwa walivyotunzwa na watu wa kukodiwa wasiojali. Akakusanya wenzake ili kuwahudumia wagonjwa kwa mapendo ya mama kwa mwanawe wa pekee. Kwa jinsi walivyokuwa karibu na wanaokufa, watu waliwaita mapadri wa kifo chema. Msalaba mwekundu waliouvaa vifuani ulikuwa ishara ya wagonjwa karne nyingi kabla ya Msalaba Mwekundu tunaoujua leo.

Mwaka 1842, mjini Lyon, Ufaransa, mwanamke mlei aitwaye Jeanne Garnier alianzisha chama cha wajane. Alikuwa amefiwa na mume na watoto wake wawili akiwa bado kijana. Badala ya kujifungia katika msiba wake, alikwenda kwa wanawake maskini wenye vidonda na saratani ambao hospitali hazikuwataka, kwa sababu hawangepona. Chama hicho kiliitwa Mabibi wa Kalvari. Na tuangalie vema: hakikuwa shirika la watawa. Walikuwa walei, wajane wenye nyumba na majukumu yao, waliokwenda kuosha vidonda na kubadili bendeji. Kazi yao ilifika Paris mwaka 1874, na mpaka leo nyumba ya huduma ya kutuliza katika mji huo ina jina la Jeanne Garnier.

Huko Ireland, Mama Mary Aikenhead alikuwa ameanzisha Shirika la Masista wa Mapendo mwaka 1815. Baada ya kufa kwake, nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho huko Harold's Cross, Dublin, ilifunguliwa mwaka 1879 kuwa makao ya wanaokaribia kufa. Mwaka 1905 masista wa shirika hilo walifungua nyumba nyingine, Mtakatifu Yosefu, katika mtaa wa maskini wa Hackney, mashariki mwa London. Humo mgonjwa alipata kitanda safi, sala, uso wa upole na mkono wa kushika.

Lakini maumivu bado yalibaki. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, masista wengi walikuwa na moyo mkubwa na dawa chache, na hata dawa waliyokuwa nayo ilitumika vibaya. Mofini ilikuwa imekwisha kupatikana tangu mwanzo wa karne ya 19, pale mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alipoitenga kutoka katika afyuni. Hata hivyo, wauguzi waliitoa mgonjwa alipolia tu, kwa kuwa waliogopa kumzoesha au kumuua. Hivyo mgonjwa alilazimika kuteseka kwanza ili astahili kusaidiwa.

Muuguzi aliyeuliza swali

Aliyeufungua mlango huo alianza kama muuguzi. Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijifunza uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London, lakini maumivu ya mgongo yalimzuia kuendelea na kazi hiyo. Akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1948 alimhudumia kijana mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Warsaw, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani bila jamaa yeyote karibu naye. Walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa kwa amani. Tasma alimwachia paundi 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga.

Saunders aliendelea kujitolea jioni kama muuguzi katika hospitali ya St Luke's. Huko aliona jambo lililobadilisha maisha yake: mofini ilitolewa kwa mdomo, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walikuwa watulivu na wenye akili timamu. Alipotaka kuwatetea wagonjwa, daktari mmoja wa upasuaji alimshauri asomee udaktari, kwa sababu watu wasingemsikiliza asipokuwa daktari. Akaingia shule ya udaktari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, akahitimu mwaka 1957.

Mwaka uliofuata alianza kazi katika nyumba ya Mtakatifu Yosefu, Hackney, kwa wale Masista wa Mapendo. Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa yametengana yalipokutana. Masista walikuwa na upendo usiokimbia. Yeye, Mwanglikana, alileta maarifa. Aliwafundisha kutoa dawa kwa saa, si kwa kilio. Kwa miaka saba aliandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000, akipima dozi, akisikiliza maneno yao wenyewe. Mithali yetu husema mgonjwa haulizwi uji. Saunders aliona kwamba juu ya maumivu ni lazima mgonjwa aulizwe, kwa maana ndiye peke yake ayajuaye.

Kwa kuuliza hivyo aligundua kwamba maumivu si ya mwili tu. Mama anayekufa huumia kwa ajili ya uvimbe wake, kwa ajili ya deni la hospitali, kwa ajili ya watoto atakaowaacha, na kwa ajili ya swali juu ya Mungu ambalo hathubutu kulisema. Aliyaita hayo yote maumivu kamili: ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho. Mwaka 1959 alipotaka kuyatangaza mafundisho yake, aliyaandika katika mfululizo wa makala sita ndani ya gazeti la wauguzi. Alijua ni nani anayebaki na mgonjwa usiku. Mwaka 1967 nyumba yake, St Christopher's, ilifunguliwa kusini mwa London, na dirisha la Tasma likawa ndani yake.

Kanisa lilisema nini?

Pengine kijana mmoja atauliza: je, Mkristo asivumilie mateso? Je, Yezu mwenyewe hakukataa divai iliyochanganywa na manemane pale Kalvari? Ndiyo, aliikataa kwa ajili yake mwenyewe, kwa uhuru wake. Lakini hatusomi popote katika Injili kwamba alimwambia mgonjwa yeyote abaki na maumivu yake. Na yule Msamaria aliyemtoa kuwa mfano wetu alimimina mafuta na divai juu ya vidonda. Hakumhubiria majeruhi thamani ya vidonda vyake. Mtu anaweza kuyatoa mateso yake pamoja na Kristu. Hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwingine ayatoe kwa kumnyima dawa.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa 12, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alifundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa kali, hata kama dawa hizo zingeweza kuyafupisha maisha, ikiwa nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inaihesabu huduma ya kutuliza kuwa tendo la pekee la mapendo, na kutaka ihimizwe. Mwaka 2020 barua Samaritanus bonus ilirudia mafundisho hayo: Kanisa linakataa kumuua mgonjwa, na kwa nguvu ileile linakataa kumtelekeza. Anayesema "tusimwue" bila kusema "tusimwache na maumivu" amelishika nusu tu la fundisho.

Kutoka London hata Kampala

Barani Afrika nyumba ya kwanza ya huduma hiyo ilianzishwa Zimbabwe mwaka 1979. Lakini hatua iliyo karibu nasi zaidi ilichukuliwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool ambaye hapo awali alikuwa mtawa mmisionari katika Nigeria, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Kazi ilianza katika nyumba ndogo iliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya, ambayo ni hospitali ya Kanisa Katoliki.

Merriman hakuleta mitambo. Alileta njia rahisi: unga wa mofini uliochanganywa na maji na dawa ya kuzuia kuoza, ukatiwa rangi ili nguvu yake itambulike, ukawekwa katika chupa ambayo mgonjwa aliweza kunywea nyumbani kwake. Bei yake ilikuwa ndogo. Swali lilikuwa: nani atamwandikia mgonjwa dawa hiyo kijijini, mahali ambapo hakuna daktari? Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria zake, ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya huduma ya kutuliza kuandika mofini wao wenyewe. Uganda ikawa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Sheria hiyo haikuwapa wauguzi madaraka matupu. Ilidai kwanza wasome.

Moyo upo, maarifa hayatoshi

Kwa nini tunasisitiza elimu? Kwa sababu wapo waliowauliza wauguzi wenyewe. Tangu miaka ya 1990 yapo maswali maalumu ya kupima mambo mawili: wanachokijua juu ya huduma ya kutuliza, na msimamo wao mbele ya mtu anayekufa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wauguzi 341 wa Addis Ababa, Ethiopia, karibu robo tatu walikuwa na msimamo mwema, lakini chini ya theluthi moja tu ndio waliokuwa na maarifa ya kutosha. Yaani wengi walitaka kusaidia, ila hawakufundishwa namna. Hiyo ndiyo historia ya Hackney kabla ya mwaka 1958, ikijirudia katika bara letu.

Asiyefundishwa huongozwa na hofu. Huogopa kwamba mofini itamfanya mgonjwa kuwa mtumwa wa dawa, au kwamba dozi ya kwanza ndiyo itakayomuua, au kwamba dawa hiyo ni ya saa ya mwisho tu. Maarifa yanajibu: ikianza kwa dozi ndogo na kuongezwa kwa kipimo, ikatolewa kwa mdomo na kwa saa zake, haiharakishi kifo, na mgonjwa wa saratani ni nadra kuwa mtumwa wake. Shirika la Afya Duniani limefundisha hivyo tangu mwaka 1986. Inafunga choo, hivyo muuguzi mwenye ujuzi humpa mgonjwa pia dawa ya kulainisha. Ni mambo madogo, lakini kwa kuyakosa, mtu hupitisha usiku mzima akilia.

Hofu hiyo ina ndugu yake, nayo ni dhuluma. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Maumivu ya maskini hayana uchungu mdogo kuliko ya tajiri.

Urithi wetu Wakongomani

Sisi katika Kongo hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 1995, Ebola ilipolipuka Kikwit, masista sita wa Shirika la Maskini wa Bergamo waliokuwa wakihudumia wagonjwa waliambukizwa na kufa mmoja baada ya mwingine: Floralba, Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira na Vitarosa. Wenzao walipougua, hawakukimbia, walikwenda kuwauguza. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha watambuliwe kuwa Waheshimiwa. Pamoja nao wauguzi wengi Wakongomani walikufa katika tauni hiyo, na majina yao yako mbele ya Mungu.

Katika tauni ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoanza mwaka 2018, upendo ulipata msaada wa maarifa. Huko Beni vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa aliweza kuonwa na mama yake, na mama akamwona muuguzi akimgusa mwanawe. Wale ambao zamani wangekufa wakiwa wametengwa kabisa, sasa walikuwa na uso wa kuutazama. Na huko Kinshasa chama cha Palliafamilli kimejitoa kwa ajili ya huduma ya kutuliza, kikienda kwa wagonjwa na kufundisha. Mbegu ipo. Inahitaji wakulima.

Wapendwa vijana, baadhi yenu mnasoma shule za uuguzi. Walimu wenu wasipowafundisha juu ya maumivu, waulizeni. Someni juu ya mofini kama mnavyosoma juu ya malaria. Wengine mnawatembelea wagonjwa wa shirika lenu siku ya Dominika. Msiombe sala ya haraka na kuondoka. Keti, uliza: "Mama, unaumia wapi? Usiku unalala?" Kisha peleka jibu hilo kwa muuguzi wa kituo cha afya, na umwite padri kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala.

Chini ya msalaba Bikira Maria hakuweza kumteremsha Mwanawe. Hata hivyo Injili haisemi kwamba hapakuwa na la kufanya. Inasema alisimama pale. Kazi ya muuguzi mkristo huanzia hapo, na kwa kuwa sisi tumepewa dawa ambayo yeye hakuwa nayo, tutaulizwa tumeitumiaje.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika parokia yetu, ni nani aliyerudishwa nyumbani kwa maneno "hakuna tena la kufanya"? Nani amemtembelea tangu siku hiyo?
2. Mabibi wa Kalvari walikuwa walei. Ni huduma gani kwa wagonjwa tunaweza kuianza sisi bila kungoja masista au serikali?
3. Je, tumewahi kumwambia mgonjwa avumilie, ilhali tungeweza kumtafutia nafuu? Tunapaswa kubadili nini katika maneno yetu?